Siku Tuliyonyamazisha Mtaa

Habari ya kifo cha Mama Ndaya ilinikuta Fungurume, katikati ya ugomvi. Nilikuwa nimekaa na vijana wa chama kimoja waliotaka kuomba msaada kwa mfadhili wa nje, na katika rasimu yao walikuwa wameomba kisima, uwanja wa mpira, mashine ya kusaga na basi. Hiyo ndiyo kazi yangu siku hizi. Watu huniletea shida zao, nami huwasaidia kuzipanga mpaka mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kumeza vumbi letu, aelewe nani anaumia na nini kifanyike. Nilikuwa nimepandisha sauti, nawaambia wachague shida moja, moja tu, simu ilipolia. Alikuwa Clarisse, mkwe wa Mama Ndaya na rafiki yangu tangu ujana. "Odé," alisema, "mama alituacha asubui hii. Kuya. Balishasimamisha hema mu kiwanja ya materinite." Niliwaacha vijana na basi lao, nikapanda gari la kwanza la kwenda Kolwezi, kwenye mtaa wenye ile materinite, nyumba ya kuzalia. Njiani nililia bila aibu, na abiria wenzangu wakanipisha dirishani.

Sikulia kwa huzuni peke yake. Kuna mwaka mmoja wa ujana wangu ambao kila nikiukumbuka mwili hunisisimka, na karibu mwaka huo wote niliuishi sebuleni kwa Mama Ndaya. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mizimu. Nimeombewa na wachungaji wanaoona shetani kila kona, na kila mara nilitamani waanze kwa kuona mashimo ya barabara. Ninachosimulia hapa nilikisikia kwa masikio yangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimeshiba.

Sebule ile ilikuwa na sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kusuguliwa nta kila Jumamosi. Viti vilivikwa vitambaa vya kusokotwa kwa mkono, ukutani kulikuwa na kalenda ya parokia, na kwenye kabati la vioo zilipangwa glasi ambazo hazikuwahi kunywewa na mtu. Juu ya kabati ilisimama picha ya harusi ya Trésor, mwana pekee wa Mama Ndaya, akiwa ndani ya suti iliyompwaya mabegani, na Clarisse pembeni yake akijizuia kucheka. Chumba kilinuka nta, samaki wa chumvi na makaa ya mbabula, lile jiko lililowaka nyuma ya mlango wa jikoni. Na chini ya sakafu kulikuwa na kugonga. Mgeni aliyeingia kwetu mara ya kwanza alishtuka. Sisi tulikuwa tumezoea. Mtaa mzima ulikuwa umegeuka machimbo. Madini yalipoonekana chini ya choo cha mtu mmoja, kila mwenye kiwanja alisimamisha turubai uani na kuanza kuchimba, na mahandaki hayakujali ua wa nani umeishia wapi. Ulikula bukari, ugali wetu, mezani ukisikia nyundo za jirani chini ya miguu yako. Zile glasi za kabatini zilitetemeka kutwa nzima kwa sauti ndogo, na Mama Ndaya alipochoka nazo alifungua kabati akazitenga moja moja, akiziambia zinyamaze.

Wachimbaji walikuwa na desturi moja ambayo lazima niieleze, maana bila hiyo hakuna utakachoelewa. Kwenye mdomo wa kila shimo ulining'inizwa kipande cha reli. Sauti ya mtu haifiki mbali ndani ya udongo, lakini mlio wa chuma hufika. Kwa hiyo aliyebaki juu alipotaka kujua kama wenzake ni wazima alipiga reli mara moja. Hilo lilikuwa swali: uko? Kule chini kila mmoja alijibu kwa zamu yake, mara mbili kwenye mwamba, kwanza aliye karibu, mwisho aliye mbali zaidi. Wake zao walijua kuhesabu majibu huku wanachambua maharagwe. Clarisse aliniambia kwamba jibu la Trésor lilikuwa la mwisho siku zote, kwa sababu alipenda kwenda mbali, na kwamba aligonga kwa kukawia kidogo kati ya pigo la kwanza na la pili, kama mtu anayekumbuka kitu.

Katikati ya mvua za mwaka ule, shimo la uani kwa Mama Ndaya liliporomoka. Wengine walitoka, matope mpaka machoni. Reli ilipigwa, ikapigwa tena, na jibu la mwisho halikuja. Wanaume walichimba kumtafuta mpaka maji yakawafukuza. Mama Ndaya akakataa matanga. Hakuna aliyemwona mwanawe, alisema, kwa hiyo hakuna atakayemlilia. Alifunika mdomo wa shimo kwa mbao, akaiacha reli ining'inie pale pale, na kila jioni aliweka sahani ya tano mezani ingawa tulikuwa watu wanne: yeye, Clarisse ambaye tumbo lilikuwa limeanza kuonekana, mimi, na Tata Ilunga. Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake. Tata Ilunga alikuja kula tu, na kufundisha.

Tata Ilunga alikuwa karani wa zamani kwenye machimbo ya manganizi ya Kisenge, mzee mkavu, mwenye suruali yenye mkunjo wa pasi hata siku ya kulima. Mama Ndaya alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wanawake, na mimi, kwa kuwa nilimaliza shule na Kifaransa hakikunipiga chenga, nilifanywa katibu. Tulitaka materinite, nyumba ya kuzalia mtaani kwetu. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mji, na njia ya kwenda huko tuligawana na malori ya madini, ambayo hupanga foleni bila mwanzo wala mwisho. Mwaka uliotangulia, jirani yetu mmoja mwenye uchungu wa uzazi alifia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mumewe, na mume hakujua mpaka walipofika. Aliendelea kumwambia mkewe avumilie. Ni hadithi hiyo iliyotufanya tuunde chama.

Ombi letu la kwanza kwa mfadhili lilikuwa la aibu. Tuliomba materinite, tukaongeza barabara, maji, shule na vyerehani, maana tuliona ukishapewa sikio lazima useme yote. Jibu lilikuwa fupi na la adabu. Tata Ilunga alilisoma, akacheka mpaka akakohoa. "Bamama," alisema, "munaandika kama mutu mwenye iko analia. Mutu wa fondation hawezi kufuta machozi yote. Mumuambie kidonda kimoya. Kiko wapi, kinauma nani, mutakiosha na nini, na siku franga yake itaisha, nani atabakia anakiosha." Hapo ndipo nilipoanza kuijua kazi ninayofanya leo. Tulichora mti wa shida kwa mkaa nyuma ya mfuko wa saruji, mizizi chini, matawi juu, na bamama wakabishana mchana kutwa kama foleni ya malori ni mzizi au ni tawi. Tulikwenda ofisi hadi ofisi kutafuta karatasi za kukitambua chama. Tulimwomba muuguzi mmoja mstaafu akubali kutufanyia kazi, na kila familia ikaahidi kitu kidogo cha mwezi ili mlango usifungwe mfadhili akishaondoka. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Kwa mara ya kwanza nilihisi akili yangu ina faida kwa mtu mwingine.

Lakini mfadhili aliuliza jambo ambalo hatukuwa na jibu lake: wenyeji wataleta nini? Walitaka kiwanja. Kila mmoja aliangalia chini, kwa sababu kila mmoja alikuwa na shimo linalolisha watoto wake. Ndipo Mama Ndaya, akiwa anachambua mchele taratibu kwenye ungo, akasema bila kuinua kichwa, "Mukamate yangu. Mi na Clarisse tutabakia mu vyumba vya nyuma." Bamama walipiga vigelegele. Tata Ilunga peke yake hakushangilia. Akasema kwa upole kwamba basi shimo la uani litapaswa kujazwa udongo, kwani hakuna mfadhili atakayejenga juu ya shimo, na kwamba katika ombi tutaliandika wazi kuwa tutalijaza wenyewe. Mama Ndaya akaitikia kama mtu aliyeombwa chumvi. Kesho yake vijana walikuja na majembe, akawaambia waje kesho. Na kesho hiyo akawaambia kesho.

Ukuta wa jikoni ulikuwa mwembamba, na mimi sikuwa na haja ya kutega sikio. Mchana mmoja nilimsikia Clarisse akimsihi. "Mama, bazibe tu ile shimo. Mi nitazaa wapi? Unataka mi nikufe ku njia?" Mwiko ulisonga bukari kwa muda mrefu. Kisha Mama Ndaya akasema, taratibu kabisa, "Bakiziba, atapandia wapi?" Nami niliweka kalamu chini. Tangu siku hiyo nilielewa kwamba ndani ya nyumba ile kulikuwa na watu wawili wa kusubiriwa, mmoja tumboni na mwingine chini ya ardhi, na kwamba kiwanja hakikuwatosha wote wawili.

Kiangazi kilipoingia, na asubuhi kuwa za baridi na vumbi jekundu, tukapata habari kwamba mfadhili anatuma mtu kuja kutuona. Tulisafisha mtaa kama siku ya sikukuu. Wasiwasi wetu ulikuwa sakafu. Mgeni akikaa sebuleni na kusikia nyundo chini ya kiti chake, atajua ardhi yetu imetobolewa, na kwa kweli ilikuwa imetobolewa. Hapo Tata Ilunga akatoa shauri ambalo sote tulilipenda: siku hiyo mtaa mzima usichimbe. Tulimfuata Kalala, mkubwa wa mashimo; kwetu wakubwa wa namna hiyo huitwa PDG, mkurugenzi mkuu, kana kwamba wana ofisi na kiyoyozi. Yeye alikuwa na kandambili na mbwa. Alitusikiliza, akajikuna. "Kulalisha mashimo yote? Ile haiyaonekana hapa." Kisha akatazama tumbo la Clarisse, akasema mke wake naye alikaribia kufia njiani. "Sawa. Siku moya. Mi mwenyewe nitabapandisha, moya moya, na majina yabo."

Alifanya hivyo. Asubuhi ile alisimama kwenye kila shimo, akapiga reli, akawaita vijana wake, akawapeleka wote kwenye uwanja wa kanisa na kuwaketisha huko mbele ya macho yake. Na mtaa ukanyamaza. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Tulikuwa tumeishi juu ya nyundo kwa muda mrefu kiasi kwamba zilipokoma nilihisi kama moyo wa mtu niliyemlalia umesimama. Kuku walisimama uani wakainamisha vichwa upande. Watoto wachanga waliozoea kulala kwa mtikisiko walilia nyumba hadi nyumba. Watu walianza kuzungumza kwa kunong'ona, na hakuna aliyewaambia wanong'one. Nilifungua kabati la vioo kutoa glasi kwa ajili ya mgeni, nazo zilikuwa zimetulia tuli, na niliziogopa.

Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Lubumbashi, Madame Solange, mwenye viatu vya kutembelea na macho yasiyopita juu juu. Aliuliza maswali mazuri. Nani atalipa dawa? Muuguzi akiugua? Mabwana zenu wanasemaje? Nilijibu, Tata Ilunga akakohoa pale nilipotia chumvi, na Mama Ndaya akakaa wima kwenye kiti chake, kitambaa kipya kichwani, mikono juu ya magoti. Tukamwandalia bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa chumvi. Alinawa, akamega tonge la kwanza, akasifu sombe. Ndipo glasi zikalia.

Ndogo sana, kama mtu aliyezigusa kwa kucha. Halafu chini ya sakafu, chini kabisa, tukasikia pigo. Likakawia kidogo. Pigo la pili. Kisha kimya, na baada ya pumzi chache, tena: pigo, kukawia, pigo. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Reli ilining'inia uani bila mtu karibu yake, niliiona kupitia mlango, na wachimbaji wote walikuwa kanisani. Tonge la Madame Solange lilisimama njiani. "Nani iko chini?" aliuliza. Nakumbuka vizuri, bamama wa chama waliokuwapo wote walijibu kwa pamoja, bila kupanga. "Ni jirani, Madame." "Iko anatwanga sombe." "Ni kinu tu." Hata Tata Ilunga, mzee wa mkunjo wa pasi, alisema anadhani ni kinu. Clarisse alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili na kuangalia picha ya harusi. Sote tulimgeukia Mama Ndaya. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na materinite ilikuwa yetu.

"Hapana," alisema Mama Ndaya. "Hakuna kinu. Ni mutoto yangu, Trésor. Alibakia mu shimo wakati ya mvula. Iko anajibu." Akanawa mikono, akainuka, akatoka uani, nasi tukamfuata pamoja na mgeni wetu mwenye tonge mkononi. Mama Ndaya alishika nyundo iliyokuwa juu ya mbao na kupiga reli mara moja. Mlio ulikwenda chini ya miguu yetu. Tulisubiri. Kisha mbao zenyewe zikatetemeka, mara mbili, na kukawia kati yake. Clarisse alikaa chini mavumbini. Mimi nilijikuta nimeshika mkono wa Madame Solange.

Kalala aliitwa. Aliapa kwa mama yake kwamba hakuna kijana wake aliyekosekana, na kwa kuwa hakuwa mwoga alifungua mbao akashuka mwenyewe kwa kamba. Alirudi kijivu. Handaki liliishia kwenye ukuta wa matope, alisema, mgumu kama tofali, na miezi yote ile hakuna mtu angeweza kuwa nyuma yake akiwa hai. "Labda maji," alisema. "Maji inasukuma mabwe." Lakini hakutuangalia alipokuwa akisema. Nimefikiria sana juu ya maji hayo na mawe yake. Inawezekana. Inawezekana pia kuna mtu wa mtaa mwingine aliyetoboa mpaka kwetu bila Kalala kujua. Ninachojua ni kwamba mpaka siku ile tulikuwa tumefunikwa na nyundo za walio hai, na sisi wenyewe ndio tuliozizima. Kama tusingetaka kuonekana vizuri mbele ya mgeni, tusingesikia kitu.

Kabla ya kupanda gari lake, Madame Solange alituita mimi na Mama Ndaya pembeni. Alikuwa amejirudishia sauti ya kazi, lakini midomo yake haikuwa imerudiwa na rangi. "Mama, mi siko hapa kwa kuuliza nani anagonga," alisema. "Ningeamini ni kinu, na kisha inginyere wa kujenga anakuya anakuta shimo, projet yenu ingekufa siku ile ile. Sasa ninajua ukweli. Lakini siwezi kulalisha mwanamuke wa mimba juu ya shimo. Mukiiziba mbele ya mvula kuanza, mi nitapiganisha projet. Musipoiziba, hapana." Mama Ndaya alimshukuru, akamfungia samaki kwenye jani. Kisha akaingia ndani, na wiki zilizofuata hakumwambia mtu yeyote kesho wala leo. Nyundo za mtaa zilirudi. Jioni nilimwona amepiga magoti sebuleni, sikio juu ya sakafu nyekundu, akijaribu kumtenga mmoja katikati ya wote.

Uchungu wa Clarisse ulianza mchana, kabla ya siku zake. Tulimpandisha pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma, na Mama Ndaya akabaki akikimbia nyuma yetu mpaka kona. Malori yalikuwa yamefunga njia. Tulipita pembeni, tukakwama, tukapita, na mbele ya geti la machimbo Clarisse akaniambia hawezi tena. Alizaa chini ya turubai la dereva wa lori, mwanamume aliyegeuka nyuma na kusali kwa sauti muda wote. Mtoto, wa kike, alilia haraka. Mama yake ndiye aliyekuwa anaondoka. Nilikuwa nimevua liputa langu, kitenge cha kiunoni, na kulikandamiza, na damu ilikuwa ya moto, na nilikuwa namwambia avumilie. Nilijisikia nikisema neno lile lile la mume wa jirani yetu, nikapata hofu ambayo sijapata tena maishani. Walimwokoa hospitalini, kwa shida. Mwenye pikipiki alirudi mtaani kabla yangu, na Mama Ndaya akakiona kiti chake. Waliniambia alikiosha yeye mwenyewe, kwa sabuni na mchanga. Kisha akatembea mpaka kwa Tata Ilunga, akasimama mlangoni. "Mulete udongo," alisema.

Siku ya kujaza, mtaa ulinyamazishwa tena, safari hii bila mgeni. Toroli zilipangwa ukutani. Mama Ndaya alikuja na mjukuu mgongoni, aliyekwishapewa jina la Bijou. Alipiga reli mara moja. Tukasubiri. Mtoto alikohoa usingizini. Alipiga tena, kwa nguvu zaidi, na mlio ukakaa ardhini mpaka nikauhisi magotini. Hakuna kilichojibu. Alisubiri mpaka vijana wakaanza kubadilisha miguu, halafu akageuka, na uso wake ulikuwa umelowa, na akasema lile neno wanalosema wake za wachimbaji mtu wa mwisho akishatoka. "Anaisha kupanda. Muzibe." Nililia kwa sauti siku ile, nikalia na kwenye matanga, kwa maana sasa aliruhusu matanga. Reli aliikata kambani mwenyewe. Materinite iliposimama, mwaka uliofuata, aliitundika kwenye mlango wake, na ikawa desturi: kila mtoto akizaliwa, muuguzi hupiga reli mara moja ili mtaa ujue. Kwa miaka yote ile nimeisikia mara nyingi, nilipokwenda kumsalimu. Ilipigwa mara moja, ikaisha, watu wakashangilia. Hakuna aliyewahi kujibu.

Nilifika matangani jua likiwa bado juu. Mama Ndaya walikuwa wamemzika mchana huo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza asikawizwe. Mtaa ulikuwa haujachimbwa siku nyingi. Mashimo yote yalijazwa, Kalala anauza simu, Tata Ilunga alitutangulia zamani. Nilikaa chini ya hema karibu na Clarisse, ambaye sasa ana mvi kama mimi, tukala maharagwe na bukari baridi, na nikamsikia mtu nyuma yetu akimweleza mwenzake kwamba nyumba hii ilijengwa na mama mmoja aliyejua kuomba. Nilitaka kugeuka nimwambie kwamba hakuomba vizuri hata kidogo, kwamba alikaribia kutuharibia kila kitu kwa kusema kweli. Niliacha. Ndani ya materinite kulikuwa na mwanamke anayejifungua, matanga au hakuna matanga, na baadaye tulisikia kilio kidogo, chenye hasira. Bijou akatoka mlangoni kwa vazi lake jeupe la uuguzi, macho mekundu kwa ajili ya bibi yake, akashika nyundo, akapiga reli mara moja.

Kimya kikashuka juu ya hema, maana watu walikuwa wamejaza vinywa chakula. Na kutoka chini ya saruji likaja pigo, likakawia kidogo, likaja la pili. Clarisse alinikamata goti. Kisha, nje ya zamu, kutoka karibu zaidi, haraka haraka kama mtu anayetenga glasi zilizomchosha kabatini, mapigo mengine mawili.